Fenesi la Paundi 13

Naandika leo leo kwa sababu yule Mpemba keshatuma sauti ya dakika nne kwenye grupu, na ndani yake ati mimi nimelia. Sikulia. Mengine aliyosema ni kweli ila kayapanga vibaya, kwa hiyo wacheni niyapange mwenyewe.

Mnajua Januari ya hapa London ilivyo. Kila kona bango la chakula kisicho na nyama. Waingereza wana kampeni yao ya kula kivegani mwezi mzima, ipo tangu 2014, na tokea Greggs, wale wenye maduka ya mikate kila mtaa, walipotoa soseji roli isiyo na nyama Januari 2019, hata mafundi ujenzi na mabuti yao nawaona wanazila. Kwetu sisi wa kuulizia halali ni neema: hakuna nguruwe, hakuna mafuta yake, unaagiza bila kumhoji mtu kama afisa uhamiaji. Kwa hoja hiyo hiyo Mpemba akaniburura mpaka Hackney, kwenye mgahawa mmoja ambao jina silitaji, wenyewe hawana kosa.

Njia nzima kwenye basi kanisomesha. Baga za Beyond ni njegere, wanatia juisi ya bitiruti zionekane zina damu. Quorn, ile nyama bandia nyingine, ni kuvu. Seitani ni ngano iliyooshwa wanga wote ukaondoka (jina lenyewe tu lilinitia wasiwasi). Katika darasa lote hilo, fenesi hakulitaja.

Kaagiza yeye, mimi nikashika meza. Baga ikaja: mkate unang'aa, sosi ya moshi inachuruzika, na katikati nyuzinyuzi zimechambuliwa kama kuku wa supu. Nikang'ata. Nikang'ata tena. Nikasema, na hapa ndipo ninapojichukia, "Wallahi Wazungu wameweza. Hii nyama kabisa."

Mdomo bado umejaa, Mpemba akaanza kuisoma risiti kwa sauti, kama anasoma majina ya waliofaulu. Paundi 13. Kachumbari ya kabichi. Kisha kimya. Kisha:

"Yakhe, mbona hapa wameandika pork?"

Jamani. Tonge liko njia panda, nusu ulimini, nusu limeshaaga. Nikimeza, nimemeza kwa kujua. Nikitema, natema wapi? Tishu ziko kaunta. Kulia kwangu mama na kigari cha mtoto, kushoto kijana na kompyuta yake. Na ulimi nao ukaanza kuapa kwamba ladha hii ni ya nguruwe hasa, ladha ambayo tokea nizaliwe sijaionja, sijui uliisomea wapi. Mkono ukapanda kichwani wenyewe, ukavua kofia ya sufu, na mbele ya kadamnasi nikatema ndani ya kofia yangu. Taratibu. Kwa awamu mbili, maana uzi mmoja ulinasa kwenye jino, ikabidi niuvute kwa kidole huku yule mtoto wa kwenye kigari ananikodolea macho.

Nikaenda kaunta. Kiingereza changu cha hasira mnakijua, hakina wakati uliopita wala ujao. Nikamwambia binti mwenye kipini puani kwamba mimi Muislamu, mlangoni pameandikwa vegani, na nimelishwa nguruwe. Mgahawa mzima ukanyamaza. Binti wala hakukasirika. Akaingia jikoni, akarudi na kopo, akaliweka mbele yangu, picha ikinitazama.

La kijani. Vijiba vijiba.

Fenesi. Fenesi bichi la kopo, kutoka Thailand.

(Nyinyi wa Kidichi, kwetu Unguja, acheni kwanza kucheka, bado hatujafika.)

Binti akadhani kimya changu ni cha kutoelewa. Akaanza kunielimisha, polepole, kama mwalimu wa chekechea: hili ni tunda, linaota nchi za joto, linakuwa kubwa hivi, likiwa bichi halina utamu, ukilipika linachambuka kama nyama, hilo jina la nguruwe ni la mapishi tu. Hujawahi kuliona? Akatoa simu, akanionesha mti wake. Na mimi, ambaye bibi yangu ana mifenesi mitatu nyuma ya nyumba, ambaye nimechapwa kwa kupaka utomvu wa fenesi kwenye sare ya skuli, nikaiinamia ile picha, nikatikisa kichwa, nikasema:

"Aaa. Ajabu kweli."

Ningeondoka na siri hiyo mpaka kaburini. Mpemba sasa. "Huyu kazaliwa chini ya mti huo," akamwambia. Binti akanitazama mimi, akalitazama kopo, akaitazama kofia.

Basi. Nikaomba radhi, nikanunua chai ambayo sikuinywa, tukatoka. Nje baridi na manyunyu. Nikavaa kofia.

Eeh. Ile ile.

Kwenye basi mimi napangusa sosi masikioni, mwenzangu anarekodi. Sauti ikafika Kidichi kabla sisi hatujafika nyumbani, na bibi akapiga. Hakuuliza habari ya nguruwe, hakuuliza pesa.

"Bichi?" kasema. "Na utomvu wameutoa na nini?"