Nilinyoosha bomba, nikakimbiza watu

Wiki ya pili tu kazini, nikawa tayari nimeshaona makosa ya wenzangu.

Nilikuwa msaidizi wa fundi boila, lile tangi la kuchemsha maji yawe mvuke, sehemu moja ya kufua mashuka ya hoteli upande wa Chang'ombe. Cheti changu cha ufundi bomba bado kilikuwa kinanukia wino. Sasa pale juu, kati ya boila na geji ya presha, palikuwa na kibomba kimejizungusha duara zima kama mkia wa nguruwe. Nilikitazama siku 3. Nikajisemea, huyu aliyekifunga bomba lilimzidi urefu, akaona uvivu kulikata.

Ijumaa dizeli ikaisha, boila likapoa, na Mzee, fundi wangu, alikuwa msibani Tanga. Nikakifungua. Yakamwagika maji, ndiyo nikazidi kujiamini: ona, hadi maji yametuama! Nikaweka nipeli, kipande kifupi cha bomba kilichonyooka, geji ikasimama kama askari wa gwaride. Nikapiga picha, nikatupia status.

Jumamosi fundi wa shifti akawasha. Presha yetu ya kazi ni baa 7, za geji lakini, si za Sinza. Mshale ukapanda vizuri tu. Mchana nikaona kioo kimeingia ukungu kwa ndani, nikaigusa geji nijue kuna nini. Hapo sitasimulia sana. Vidole 2 vilishinda kwenye kikombe cha maji.

Jumapili tulifunga. Jumatatu saa 12 asubuhi naingia: moto hakuna, dizeli imefungwa, geji inasoma 3.

Presha ya 3 inatoka wapi?

Nikapiga kelele moja tu, "Linapasuka!" Akina mama wa kukunja mashuka wakatoka mbio, mmoja na shuka lake mabegani kama bibi harusi. Mlinzi, anayelipwa kutulinda, ndiye aliyefika wa kwanza kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara.

Mzee akashuka kwenye daladala na furushi la machungwa ya Muheza, akatukuta tumejipanga. Nikamweleza. Hakunijibu. Akaingia ndani peke yake, nasi tukaziba masikio. Baada ya dakika kadhaa akatoka na geji mkononi, akaiweka kwenye meza ya mama ntilie, katikati ya chapati.

Bado inasoma 3.

"Haya kijana," akasema, "hii meza nayo inapasuka saa ngapi?"

Mama ntilie akasogeza birika lake pembeni.

Mzee akaifungua kwa nyuma. Ndani mna kibomba chembamba cha shaba kilichopinda kama mundu. Presha ikiingia kinataka kunyooka, ndicho kinachovuta mshale. Mbunifu wake ni Mfaransa, Eugène Bourdon, mwaka 1849. Mimi nikakiua kwa siku moja. Mvuke wa baa 7 unafika nyuzi joto kama 170, na shaba ile haiwezi kuupokea hivihivi. Ule mkia wa nguruwe unashika maji ya mvuke uliopoa. Maji ndiyo yanayoisukuma geji, mvuke wenyewe unabaki nje. Yaani nilichomwaga Ijumaa ndicho kilichokuwa kinga.

"Wewe umenyoosha la nje," akasema Mzee, "mvuke ukakunyooshea la ndani. Kiko wapi kibomba changu?"

Hapo ndipo jasho lilipotoka kweli. Nilikuwa nimeshakiuza kwa wapima chuma chakavu, shilingi 800. Nikawakimbilia. Jamaa akaniangalia usoni, akaangalia kibomba, akasema 5,000.

Mzee akaleta geji mpya kutoka stoo, akanikabidhi chupa ya maji. "Jaza kwanza, ndiyo ufunge." Nikajaza kibomba polepole, akina mama wote wakinitazama. Kutoka ng'ambo ya barabara mlinzi akapaza sauti kuuliza kama ameruhusiwa kurudi, au amalizie kwanza chai.