Kundi la skauti la shule: nani hasa mwenye kundi?

Makundi mengi ya skauti ya shule yana historia inayofanana. Anatokea mwalimu aliyewahi kuvaa skafu, kitambaa cha shingoni cha maskauti, utotoni, anaomba saa moja baada ya masomo, anakusanya watoto kumi na kitu na kuwafundisha mafundo kwa vipande vya kamba za kuanikia nguo. Mwaka wa pili wanapandisha bendera siku ya mahafali. Mwaka wa tatu hakuna mgeni anayefika shuleni bila kupokewa na gwaride la maskauti, na idadi yao imekaribia mia. Kisha mwalimu anahamishwa. Ukirudi baada ya muda, skafu zimefungiwa kabatini na ufunguo haujulikani uko kwa nani.

Ndiyo maana walezi wa skauti, yaani watu wazima wanaosimamia makundi, hawaachi kubishana kama shule ni mahali pazuri pa kukuzia kundi. Wapo wanaosema bila shule skauti ingebaki mchezo wa watoto wachache, na wapo wanaosema shule huigeuza skauti kuwa somo jingine lenye sare. Mimi nimekaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti. Sasa naona hivi: shule ni mlango mzuri wa kuingilia, lakini mambo huharibika inapojiona ndiyo mwenye kundi.

Turudi mwanzo kidogo. Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Hakuwachukua kutoka shule moja. Alichanganya watoto wa wenye nazo waliosoma shule kubwa za bweni na vijana wa kawaida wa miji ya jirani, Poole na Bournemouth, kisha akawagawa katika vikosi vinne, kila kimoja na jina la mnyama au ndege. Mchanganyiko huo ulikuwa sehemu ya jaribio lenyewe: watoto ambao kwa kawaida wasingekula meza moja waliwekwa kwenye kikosi kimoja.

Mwaka uliofuata kitabu chake, Scouting for Boys, kilitoka kwa matoleo madogo ya bei nafuu kila baada ya wiki mbili. Wavulana walikinunua, wakaunda vikosi wenyewe, ndipo wakaanza kutafuta mtu mzima wa kuwasimamia. Mwaka 1909, kwenye mkutano mkubwa wa maskauti Crystal Palace, London, wakajitokeza hata wasichana ambao hawakualikwa, nao wakijiita maskauti; mwaka 1910 wakaanzishiwa chama chao cha Girl Guides. Kwa hiyo mtoto ndiye aliyetangulia, mlezi akafuata. Katika kundi la shule mambo huwa kinyume: mwalimu hutangulia, na mara nyingine barua kutoka ofisi ya juu humtangulia hata yeye.

Wanaotetea kundi la shule hawana hoja ndogo. Kundi la mtaani linamhitaji mzazi wa kumpeleka mtoto na kumrudisha, au walau mzazi aliyewahi kusikia kuwa kundi hilo lipo. Mtoto ambaye mama yake hurudi kazini usiku hafiki huko. Shuleni tayari yupo. Uwanja upo, choo kipo, na wazazi wanamjua mtu anayekaa na watoto wao jioni. Hili la mwisho si dogo hata kidogo. Mtu mzima asiyejulikana na yeyote, mwenye sare na filimbi, anayewapeleka watoto porini, hastahili kuaminiwa kwa sababu tu ya skafu yake. Shule ina rekodi za mwalimu, ina wa kumuuliza maswali, na jambo likiharibika wazazi wanajua mlango wa kugonga.

Kwa hiyo asemaye skauti zitoke shuleni kabisa anawafungia nje watoto wale wale wanaozihitaji zaidi. Hapo sibishani naye sana. Namwomba tu ahesabu ni akina nani watakaobaki.

Tatizo linaanzia kwenye namna ya kupima kukua. Shule hupenda idadi. Ripoti ikisema kundi lina watoto 100, mkuu wa shule anafurahi. Lakini Baden-Powell mwenyewe, katika mwongozo aliowaandikia walezi, alishauri kundi lisizidi watoto 32. Sababu aliyotoa inachekesha kidogo: yeye aliona anaweza kuwashughulikia 16 tu ipasavyo, akamkadiria msomaji wake kuwa na uwezo mara mbili ya wake. Hesabu yenyewe ni ya utani, lakini wazo lake si utani. Mlezi anapaswa kumjua kila mtoto: nani anaogopa maji, nani hajala, nani anajificha nyuma ya wenzake.

Mwalimu mwenye watoto 100 hawezi hilo, kwa hiyo hufanya kinachowezekana kwa watoto 100, yaani gwaride. Silidharau gwaride. Mtoto ambaye hakuwahi kukabidhiwa chochote, siku anaposhika bendera mbele ya shule nzima hurefuka ghafla. Ila gwaride linaongozwa na sauti moja, na skauti ilijengwa juu ya kikosi: watoto sita hadi wanane, wakiongozwa na mtoto mwenzao, wakipanga safari yao, wakiunguza chakula chao wenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipowachukua walezi wengi wa Uingereza, kuna makundi yaliyoendelea kwa sababu viongozi wa vikosi, vijana wadogo, waliyashika. Jiulize ni makundi mangapi ya shule yangevuka hata muhula mmoja bila mwalimu.

Na hapa ratiba ya shule inaumiza kuliko watu wanavyokiri. Viongozi wa vikosi huwa ndio wakubwa, na wakubwa ndio wenye mitihani. Mara tu kijana anapokuwa na uzoefu wa kutosha kumfundisha mdogo wake, shule inamwambia aache mambo ya skauti asome. Mzazi naye anaunga mkono, na siwezi kumlaumu. Matokeo yake kundi hukatwa kichwa kila mwaka, na kila mwaka mwalimu huanza upya na fundo la kwanza. Kundi lisilofungwa na shule humpumzisha kijana huyo wakati wa mitihani, kisha humpokea tena.

Kuna na suala la mamlaka, ambalo walimu hawapendi likiguswa. Mlezi wa skauti alikusudiwa awe kama kaka au dada mkubwa. Mwalimu aliyemwadhibu mtoto saa nne asubuhi anatakiwa saa kumi jioni amsikilize akitoa hoja kwenye baraza la viongozi wa vikosi. Wapo wanaoweza, na ninawavulia kofia. Wengi hubaki walimu tu, na baraza hugeuka mahali pa kupokea maagizo.

Nikitakiwa kuchagua, sitachagua upande wowote wa ugomvi huu kama ulivyo. Kundi lianzie shuleni, likutane shuleni, lakini liwe na walau mlezi mmoja asiyelipwa na shule hiyo, na liwaruhusu waliomaliza kurudi kama wasaidizi, baada ya kuchunguzwa kama mtu mzima mwingine yeyote anayekaribia watoto. Nafasi zikijaa, atafutwe mlezi wa pili wa kuanzisha kundi la pili badala ya kurefusha mstari wa gwaride. Daftari la kundi, lenye majina ya walioapishwa, kambi zilizopigwa na fedha zilizochangwa, lisikae kwenye droo ya mtu mmoja. Na ufunguo wa kabati la skafu apewe kiongozi wa kikosi, hata kama ana miaka 14.