Midomo ikitangulia moyo

Sala ya Bwana haimalizi dakika moja. Hata hivyo, mara nyingi nafika "amina" nikagundua kwamba tangu "Baba yetu" nilikuwa nawaza deni au simu ambayo sikuipokea. Midomo ilijua njia, ikaenda yenyewe. Je, hapo nimesali?

Wapo wanaojibu papo hapo kwamba sikusali. Wanashika Isaya 29:13, maneno ambayo Yesu aliyarudia katika Marko 7: "Watu hawa huniheshimu kwa midomo, ila mioyo yao iko mbali nami." Kwao sala ya kukariri ni ya kasuku. Hoja hiyo siipuuzi. Yesu alikataza kupayuka-payuka, akasema si kila amwitaye "Bwana, Bwana" atakayeingia katika ufalme. Neno la Kigiriki tunalolisoma kama "mnafiki" lilikuwa pia jina la mwigizaji wa jukwaani, na yeyote aliyewahi kuongoza maombi mbele za watu anajua jinsi sauti inavyojipamba yenyewe ikishajua inasikilizwa.

Lakini tusiishie kwenye mstari huo wa Marko. Mfano ambao Yesu anautoa hapo hapo haumhusu mtu aliyechukuliwa na mawazo katikati ya sala. Unahusu Korbani: mtu anatangaza kwamba mali yake ni wakfu kwa Mungu, kisha anaitumia nadhiri hiyo kukwepa kuwatunza baba na mama yake. Huyo pengine alikuwa makini kabisa alipotamka. Pengine hata alilia. Kosa lake lilikuwa kujificha nyuma ya maneno matakatifu ili wajibu usimpate, na ndiyo maana siwaelewi wanaopima ibada kwa machozi.

Halafu kuna maneno ya kuazima. Msalabani, Yesu alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, yaliyokuwa yametungwa zamani na mwingine. Nani atasema hayakutoka moyoni? Mwenye uchungu mkali mara nyingi hana nguvu ya kutunga. Hushika lile analolijua. Na anayejivunia kuomba bila kitabu, arekodiwe majuma manne mfululizo. Tutasikia "tunakushukuru kwa siku hii ya leo" na "ukatutangulie" zikirudi kwa mpangilio ule ule. Naye ana kitabu, ila hakijachapwa.

Watetezi wa sala zilizoandikwa nao wana pa kujibia. Husema, wewe tamka tu, moyo utafuata. Mwaka 1738 Peter Böhler, mhubiri wa Kimoraviani, alimshauri John Wesley, mchungaji Mwingereza aliyekuja kuanzisha Umethodisti, ahubiri imani mpaka awe nayo, na Mei mwaka huo huo Wesley akasimulia kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu. Kwake ilifaa. Kwa mwingine ushauri huo unaweza kuwa mto wa kulalia: miaka thelathini ya kutamka, na moyo bado unasubiriwa.

Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zinaonyesha kwamba kwa miongo mingi hakuhisi uwepo wa Mungu. Aliendelea kusali. Kwa kipimo cha hisia, ile ilikuwa sala ya midomo mitupu, jambo nisiloweza kulikubali, kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini upande ule ule wa midomo.

Unabaki mstari mmoja unaonisumbua, ule wa kusamehewa kama tunavyosamehe. Kuna kipindi niliunyamazia, maana mtu niliyekuwa nimekosana naye aliketi safu mbili mbele yangu, na niliona heri kimya kuliko uongo. Jumapili ya nne niliutamka, kinyongo kikiwa bado kipo. Ulinikwama kooni kama mfupa. Baada ya ibada nilimfuata mlangoni, tukasalimiana. Mambo yetu hatukuyamaliza siku ile.