Ndege Ipo, Jumamosi Haipo

Kama kuna mji duniani ambamo mtu wa kawaida alipaswa kuruka angani siku za mapumziko bila kuulizwa maswali mengi, ni huu ninaoishi mimi, Wichita, katika jimbo la Kansas, nchini Marekani. Hapa ndipo Clyde Cessna, Walter Beech na Lloyd Stearman walipoungana mwaka 1925 kutengeneza ndege, kabla ya kila mmoja kushika njia yake, na wenyeji hadi leo hujigamba kwamba mji wao ndio makao makuu ya anga duniani. Nilipohamia kutoka Tanga nilitarajia kuwakuta majirani wakitoka kanisani siku ya Jumapili, wakiwasha ndege zao na kwenda kula chakula cha mchana mji wa tatu. Ninachokiona ni majirani wakisukuma mashine za kukatia majani, na juu yao inapita jeti ya kampuni iliyobeba watu ambao kwa hakika hawajakata majani yao wenyewe miaka mingi.

Mjomba wangu wa Chumbageni hupiga simu mara kwa mara, na akishamaliza kuitikia shikamoo yangu huuliza swali lile lile: "Mpwa wangu, bado hujarusha?" Nikimweleza kwamba mimi ni mfanyakazi wa ghala, na kwamba zamu zangu hupangwa na kompyuta isiyo na huruma, hunijibu kwamba Wamarekani anaowaona kwenye filamu huweka ndege katika banda la ng'ombe, na wakulima wenyewe wamevaa kaptula. Ana hoja, na kwa kuwa siwezi kuibishia, nimeamua kuichunguza.

Hesabu zenyewe zinasikitisha. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani viliuza karibu ndege 18,000 za aina hii isiyo ya mashirika ya abiria. Mwaka 1994 hazikufika hata 1,000. Mwaka 1980 watu zaidi ya 350,000 walikuwa na leseni ya rubani binafsi, ile ya kurusha kwa raha zako bila kulipwa, na leo idadi hiyo imebaki takriban nusu, wakati wananchi wenyewe wameongezeka kwa zaidi ya milioni 100. Yaani watu wanazaliwa, lakini marubani wa Jumamosi hawazaliwi.

Nje kidogo ya mji kuna kiwanja kidogo chenye njia moja ya kurukia, birika la kahawa chungu na wazee kadhaa waliokaa kwenye viti vilivyochanika. Huko ndiko nilikokwenda kutafuta sababu, na nashauri mtu yeyote asifanye hivyo akiwa na haraka, kwa sababu kila mzee ana sababu yake moja na hataki kusikia ya mwenzake.

Wa kwanza anawalaumu wanasheria. Anasema ilifika mahali ndege iliyotengenezwa wakati wa babu ikianguka mikononi mwa mjukuu, familia inamshtaki aliyeitengeneza, na kiwanda kinajikuta kikilipia bima kubwa kuliko mabati ya ndege yenyewe. Hili si porojo. Mwaka 1986 kampuni ya Cessna iliacha kabisa kutengeneza ndege zake ndogo za injini moja ya pistoni, ikataja kesi hizo kuwa sababu, na ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria mwaka 1994 kwamba ndege ndogo ikipita umri wa miaka 18, kwa kawaida mtengenezaji hashtakiwi tena kwa ajali yake. Cessna ikafungua kiwanda kipya katika mji unaoitwa Independence, humu humu Kansas, na kuanza upya. Wazee wakashangilia, wakangoja umati wa wanunuzi. Ndege aina ya 172, ambayo ilipoingia sokoni mwaka 1956 iliuzwa chini ya dola 10,000, sasa ikiwa mpya inauzwa zaidi ya dola 400,000. Nilipiga hesabu ya mshahara wangu, nikaona kwamba nikianza kulipa leo nitamaliza katika umri ambao daktari hataniruhusu kuendesha hata baiskeli. Umati, kama unavyoweza kukisia, haukuja.

Wa pili anasema ni mafuta. Ndege hizi hunywa petroli ya pekee, ya rangi ya buluu, ambayo hadi leo ina madini ya risasi, wakati magari yetu yaliachishwa risasi zamani. Ni ghali, si kila kiwanja kinaiuza, na majirani wa viwanja hawaitaki, kiasi kwamba eneo la Santa Clara huko California lilipiga marufuku uuzaji wake katika viwanja vyake tangu Januari 2022. Hapa mimi siko upande wa wazee. Mtu anayeishi chini ya njia ya ndege na ana mtoto mchanga hana sababu ya kuvuta risasi ili mwingine akale mkate wenye nyama katika wilaya ya jirani.

Wa tatu ndiye niliyempenda, kwa sababu hasira yake ina tarehe. Anasema ni uzio na wanasiasa. Katikati ya Chicago, ukingoni mwa ziwa, kulikuwa na kiwanja kidogo kilichoitwa Meigs Field. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 2003, Meya Richard Daley alipeleka matingatinga yakachimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia, bila kuwaarifu wenye ndege, na kulipokucha ndege 16 zilikuwa zimekwama pale, hadi zilipopewa ruhusa ya kuondokea kwenye barabara ya pembeni ambayo kwa kawaida hutumika kutembezea tu. Meya alisema ni kwa ajili ya usalama baada ya mashambulizi ya mwaka 2001. Mji ulitozwa faini ya dola 33,000, kiasi ambacho kwa mji wa ukubwa ule ni chenji ya kuegesha magari. Mzee husimulia kisa hiki akiwa amesimama, na akifika kwenye matingatinga kahawa humwagika.

Ninachokubaliana naye zaidi ni ule uzio. Anasema utotoni mwake mtoto alikuwa anafika kiwanjani kwa baiskeli, anaosha ndege ya mtu, na malipo yake ni kuzungushwa angani nusu saa. Leo kuna seng'enge ndefu, geti la namba za siri, na bango linalomjulisha mtoto kwamba anarekodiwa na kamera.

Mzee wa nne analaumu simu za vijana, lakini yeye mwenyewe alikuwa akiangalia simu wakati anaongea, kwa hiyo tumwache.

Baada ya kusikiliza yote haya niliona ni vema nionje mwenyewe. Nikaweka nafasi ya somo la kwanza katika shule moja ya urubani, na kitu cha kwanza nilichoulizwa kabla ya jina la ukoo ni uzito wangu. Nikataja uzito. Mkufunzi, kijana mpole ambaye angeweza kuwa mwanangu, akanitazama kuanzia viatuni hadi kofiani, akauliza kwa heshima zote kama uzito huo ni wa mwaka huu. Alinieleza kwamba ndege ile ina viti vinne, ila viti vinne si watu wanne. Ukijaza matangi yote na watu wazima wanne wenye miili ya kula vizuri, haipaswi kuruka. Rafiki yangu kutoka Uvira, tuliyefuatana naye kama shahidi, alichungulia kibandiko kilichoonyesha mwaka ndege ilipotengenezwa, akanigeukia na kusema, "Ndugu yangu, hii iko muzee kuliko mama yangu." Akachagua kubaki chini kulinda gari.

Tulizunguka ndege tukiikagua. Mkufunzi alichota mafuta kidogo chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki, akakiinua kwenye mwanga tuone kama kuna maji yaliyotuama, kisha akachovya kijiti kwenye injini kupima oili, akatikisa mikia na mabawa kama fundi baiskeli anayetafuta kinachocheza. Tukaingia, milango ikafungwa kwa kishindo cha kabati la bati, injini ikawaka. Hapo nikaiona ile saa ndogo kwenye dashibodi. Inahesabu muda tangu injini inapoanza kunguruma hadi inapozimwa, na kwa hesabu yake ndiyo unalipa, zaidi ya dola 150 kwa saa, mwalimu anadaiwa pembeni. Mbele yetu kulikuwa na ndege mbili zinazongoja zamu ya kuruka. Sisi tumekaa ardhini, breki zimekanyagwa, pangaboi linazunguka, na mimi nailipia foleni. Nimewahi kukaa kwenye foleni ya daladala Mwenge nikaona dunia haina haki. Kumbe ile ilikuwa bure.

Ukiniuliza kuhusu kuruka kwenyewe, sina malalamiko, na hilo ndilo linaloniudhi. Mashamba ya ngano yalijipanga kwa miraba hadi upeo wa macho, mikono yangu ikiwa kwenye usukani na ya mkufunzi ikiwa karibu kuliko alivyotaka nijue, nami kwa dakika chache sikukumbuka kama kuna ghala duniani.

Shida ilianza tuliposhuka na kufungua kalenda. Sheria inataka walau saa 40 za kurusha kabla ya kupata leseni, na mkufunzi alikiri kwamba watu wengi huhitaji zaidi, hasa wasiokuja mara kwa mara, kwa sababu ukikosa wiki tatu mikono husahau na unalipia tena somo ulilokwisha kulilipia. Mimi nina Jumamosi mbili kwa mwezi, kompyuta ya zamu ikipenda. Jumamosi ya kwanza upepo wa Kansas ulivuma wa pembeni kwa kasi ya kung'oa bendera, somo likafutwa. Iliyofuata, ndege ilikuwa kwenye ukaguzi wake wa kila mwaka ikingoja kipuri. Nyingine nikaitwa ovataimu, ambayo sikuweza kuikataa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ilipie somo. Nafasi za katikati ya wiki zimeshikwa na vijana wanaosomea kuajiriwa na mashirika makubwa, ambao wanahitaji saa 1,500 na wanazikusanya asubuhi, mchana na jioni. Siwalaumu, wao wanakwenda kazini, mimi nakwenda kucheza.

Ndipo nilipowarudia wazee na kuwaambia kwamba, kwa heshima zote, sababu zao ni za kweli lakini wameisahau moja. Nikawauliza: ninyi mlijifunza lini, na nani alilipa? Mmoja alilipiwa na serikali kama askari aliyerudi Vietnam. Mwingine alifanya kazi kwenye kiwanda cha ndege chenye klabu yake ya wafanyakazi, saa zake zikiisha Ijumaa jioni na bosi asimtafute hadi Jumatatu. Pesa zilikuwa taabu hata enzi hizo, kwani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1946, viwanda vilitengeneza ndege ndogo zaidi ya 30,000 vikidhani kila askari atanunua yake, na mwaka uliofuata soko likaporomoka. Lakini fundi wa kawaida aliijua Jumamosi yake tangu Jumatatu. Ndege inakubali kukodishwa, petroli inakubali kukopewa, ila sijaona benki inayokopesha Jumamosi mbili mfululizo zisizo na upepo. Wazee walinyamaza, kisha yule wa kwanza akasema kwamba hata zamu za ghalani chanzo chake ni wanasheria.

Kinachonishangaza zaidi ni mabanda. Unasikia kwamba urushaji wa burudani unakufa, unakwenda ofisini kuulizia banda la kukodi, unaambiwa kuna orodha ya kungojea ambayo waliotangulia wanakaribia kustaafu. Milango ikifunguliwa ndani unaona boti, masofa, gari la zamani lisilo na magurudumu, na nyuma kabisa, chini ya turubai, ndege yenye matairi yaliyolala. Mwenyewe hairushi, wala haiuzi. Ukimuuliza anasema ataitengeneza kipupwe kikiisha, na hasemi kipupwe cha mwaka gani.

Wiki iliyopita jirani yangu, mstaafu mwenye hisa katika ndege moja ya mwaka 1974 pamoja na wenzake wawili, alinivizia nikitoa takataka. Mwenzake mmoja magoti yamekataa kupanda bawa, kwa hiyo theluthi yake inauzwa, kwa bei ya gari lililotumika, ukiondoa bima, banda, ukaguzi na mchango wa injini ambayo inakaribia kuhitaji kufumuliwa. Akaniambia kwamba raha ya kumiliki watu watatu ni kuwa hamgombanii ndege, maana hakuna hata mmoja mwenye nafasi ya kuirusha.

Niliingia ndani nikamweleza mama Neema kwa utaratibu, nikianza na mandhari ya mashamba ya ngano na kuiacha bei mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si dalili njema, kisha akauliza kama katika theluthi hiyo sisi tunapata upande wenye injini au upande wa mkia, kwa sababu kama ni wa mkia, wazo lake ni kwamba mkia huo uje kukaa sebuleni na mimi niende zamu.