Kura moja ya Chake Chake

Akitafutwa mtu mdogo aliyeigeuza historia ya Zanzibar, wengi hukimbilia kwa John Okello, mgeni kutoka Uganda aliyeishi Pemba kwa vibarua kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Sawa. Lakini Okello alikuwa na watu nyuma yake, na redioni alijitangaza mwenyewe. Mimi nina wangu, asiyejulikana hata jina: mpigakura wa Chake Chake, Pemba, katika uchaguzi wa Januari 1961.

Jimbo hilo ASP, chama cha Afro-Shirazi, ililipata kwa kura moja tu. Visiwa vizima viti vikawa ASP 10, Hizbu (chama cha ZNP) 9, ZPPP, chama cha tatu, 3. Wale wajumbe watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu, mmoja ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Sasa piga hesabu upya. Mtu yule angelala nyumbani na homa yake, Chake Chake ingekuwa sare. Angempa jogoo, alama ya Hizbu, jimbo limekwenda: Hizbu na wenzao 12, ASP na mwenzao 10, serikali imepatikana. Uchaguzi wa pili wa Juni wa nini tena? Na ni siku ya uchaguzi huo wa Juni ndipo zilipozuka ghasia zilizoua watu 68, jirani akaanza kumuuliza jirani kabila lake. Kila nikizirudia hesabu hizi hukwama papo hapo. Watu 68.

Wanaopinga wana hoja nzito. Chuki, wanasema, ilikuwepo tangu 1958, wakulima wakifukuzwa mashambani na maduka yakigomewa. Halafu 1963 ASP ikapata kura kiasi cha asilimia 54 na bado ikaambulia viti 13 kati ya 31. Ugomvi huo kura moja isingeuzima. Tena sare isingetokea lau yule mmoja wa ZPPP angewafuata wenzake.

Kwa hili la mwisho wananisaidia, maana na yeye ni mtu mmoja. Hayo mengine nayakubali nusu. Mapinduzi pengine yangekuja kwa njia nyengine. Lakini yangekuja lini, na yangemkuta nani hai? Kwa waliofiwa Juni ile, hilo si suala la pembeni.

Kinachobaki ni kwamba kura ni siri. Ushindi ukiwa wa kura moja, kila aliyeichagua ASP Chake Chake siku ile anaweza kudai iliyoamua ni yake, na hakuna wa kumbishia.