Pua yenye miguu

Juzi mchana, kwa mama ntilie, wali maharage uko mezani, mwenzangu wa ofisini akaanza: "Kiswahili chetu nacho maskini jamani. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga mswaki. Kila kitu kipigo!" Meza nzima kicheko. Mimi hamu ya kula ikaniisha.

Haya, tumkague huyo tajiri wake, Kiingereza. "Run", mtoto wa chekechea anajua ni kukimbia. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alikaa na neno hilo miezi tisa, mimba kamili, akajifungua maana 645. Na hapo ni kitenzi tu! Bingwa wa toleo la 1989 alikuwa "set", na zake 430.

Sasa hesabu nami. Kwetu pua inatoa kamasi, injini inaunguruma, mto unatiririka, kanga inachuja, mwanasiasa anagombea, mwenye duka analiendesha, basi linafanya safari. Vitenzi saba. Mwingereza hapo kote ana "run" tu, kuanzia kamasi mpaka ubunge! Sijasikia aliyemcheka. Kwake ni utajiri wa lugha, kwetu ni ufukara. Na hiyo "piga" mnayoidharau, hebu mwambie shabiki wa mpira kwamba kupiga chenga ni upungufu wa msamiati. Atakupiga kweli.

Sawa, programu ya kompyuta ikiwa kazini hata mimi husema "inarani". Nimekubali, tuendelee.

Kinachoniuma hasa ni mpwa wangu. Yuko darasa la pili, shule ya kulipia, Kiswahili marufuku hata uwanjani. Walipewa sentensi ya Kiingereza, pua ina-"run", waichoree picha. Akachora pua kubwa, miguu miwili, raba nyekundu. Akawekewa kosa, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Mtoto kalielewa neno vilevile alivyofundishwa, kachekwa darasa zima, karudi nyumbani anajiita mjinga. Miaka saba!

Nilikaa naye kibarazani, nikaitazama ile picha vizuri, nikamuuliza mbona raba moja haijafungwa kamba.

"Anko, si imechelewa shule."