Deni halijasamehewa jamani, limebadilishiwa mfuko tu

Kila serikali ikitangaza kwamba deni fulani litageuzwa miradi, WhatsApp inajaa watu wakisema tumesamehewa. Hatujasamehewa. Chukua deni la Kenya kwa Italia, yale makubaliano ya 2006 ya karibu euro milioni 44, mpango ulikuwa badala ya Kenya kupeleka hizo pesa Roma izilipe hapa hapa kwa shilingi, kidogo kidogo kwa miaka, ziingie kwenye maji, afya, vyuo vya ufundi, mpaka ile kazi ya kuboresha mtaa wa Korogocho. Yaani mlipa ushuru alilipa vilevile, ila hela haikuvuka mpaka.

Na mimi hilo naliunga mkono kabisa. Dola kuipata ni shida, na shilingi ikichimba kisima hapa, fundi wa hapa naye anakula.

Ila deni la serikali kwa serikali silo linalotukaba koo. Ni haya ya soko, tunayokopa kwa wawekezaji wa nje na mabenki. Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili tulipe sehemu kubwa ya Eurobond ya 2014, yaani hati ya mkopo tuliyowauzia wawekezaji wa nje, mkopo unalipa mkopo, halafu Juni vijana wako barabarani juu ya mswada wa fedha. Sasa weka hapo zile euro milioni 60 za deni tulizokubaliana na Ujerumani 2023 zigeuzwe miradi. Ni nzuri, asante, lakini ni tone.

Ndo maana nimewapenda Ivory Coast. Desemba 2024 walichukua mkopo wa bei nafuu wenye dhamana ya Benki ya Dunia, wakalipa mapema madeni ghali ya mabenki kama euro milioni 400 hivi, na kile kinachookolewa kinaenda kujenga shule. Wameshika deni lenyewe linalouma, na sisi tungeanzia hapo.

Kitu kingine kinachoninyima raha ni hiki, kama hicho kisima kilikuwa tayari kwenye bajeti ya mwaka huo, tumepata nini? Kijijini kwetu kuna tenki lina kibao kizuri cha mfadhili na mama zetu bado wanabeba mitungi kutoka mtoni, na hakuna mtu aliyewahi kuulizwa liwekwe wapi. Kwa hiyo kabla waziri hajatia sahihi nyingine, orodha ya miradi ibandikwe kwa chifu, na kando ya kila mradi iandikwe kama ulikuwa kwenye bajeti au la.